Goti la Mama Kwenye Mwongozo

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naamini barua hii itakukuta mzima, wewe na shangazi na yule jirani wa kuazima pasi. Mimi sijambo, nakula nashiba. Maneno ya kaka kwamba nimekonda usiyasikilize.

Uliuliza jioni zangu zinaishia wapi. Zinaishia kwenye ile programu ya kompyuta ya maktaba, ya bure, inayotengenezwa na watu wa kujitolea. Kazi yangu ni kusimamia wanaoandika mwongozo wake: muuguzi, mwalimu mstaafu, na fundi saa tunayemwita Dakika Mbili, maana kila kazi husema amebakiza dakika mbili. Kusimamia watu usiowalipa, Mama, ni kubembeleza tu.

Shida ni kwamba tuliandika kama mawakili. Mkuu wa programu akasema waziwazi mwongozo wetu hausomwi na mtu, na katika toleo lijalo angeuondoa. Niliumia, maana wenzangu wametoa jasho. Nikaweka utaratibu mpya: kila mmoja aandike ukurasa wake kama barua kwa mtu wake asiyejua kompyuta, amsalimie, amweleze kazi polepole, kisha afute salamu kabla ya kuuchapisha. Mwalimu alinicheka, akasema nimewarudisha darasa la nne. Lakini maandishi yalilainika kweli. Muuguzi aliyeandika kwa mumewe alijikuta anamgombeza katikati ya maelezo ya kuazimisha vitabu, tukafuta na ugomvi pia.

Basi wiki iliyopita ukurasa wa vitabu vilivyochelewa ukatoka na salamu zake zote: "Shikamoo Mama. Goti linaendeleaje? Bado unapanda ngazi kwa kushika ukuta?" Nilitamani ardhi inimeze. Dakika Mbili alicheka mpaka akakohoa. Kabla hatujaufuta, ujumbe ukaanza kumiminika kutoka kwa wakutubi tusiowajua. Mmoja alishauri kukanda kwa maji ya uvuguvugu, wengine waliuliza tu kama mama huyo amepata nafuu, na humohumo wakatuonyesha hatua tuliyoikosea mwisho kabisa wa ukurasa. Mkuu alisoma ujumbe wote, akasema kumbe tunasomwa, mwongozo ubaki. Nilifurahi hadi machozi yakanilengalenga.

Ukurasa ule ni wangu, Mama, na goti ni lako. Msimamizi aliyeweka sheria ndiye aliyesahau kufuta. Lakini si hilo linaloniuma. Kila ukurasa nilioandika nilikuuliza goti, kisha nikafuta. Kwenye simu nakuuliza habari za majirani. Naogopa utasema hujambo, nami nitajifanya nimeamini.

Sasa watu wanasubiri jibu na mimi sina. Safari hii usiniambie kwamba u mzima. Niambie ngazi unazipandaje.

Nisalimie shangazi na kaka. Mwalimu, muuguzi na Dakika Mbili wanakuamkia, ingawa hawajawahi kukuona.

Ni mimi mwanao,
Kitindamimba