Siku Niliyoketi Mdomoni mwa Duara

Kharumwa, Alhamisi, Machi 1996

Mvua imenyesha usiku kucha, ikaacha alfajiri. Sasa ni jioni, jua bado halijazama. Naandika ili nisipige kelele.

Leo nimefanya jambo ambalo mwanamke hafanyi huku kwetu. Nimekwenda kuketi mdomoni mwa duara, shimo la wachimba dhahabu.

Nianze na pampu, maana kisa chote ni pampu. Ni yangu, ndogo, ya petroli. Niliinunua dukani kwa Mzee Karim, Shinyanga mjini, nimwagilie nyanya na kabichi zangu. Siku ile mzee alinikunjulia karatasi iliyokuja na mashine, akanionyesha picha ya injini ndani ya nyumba, imepigwa msalaba mwekundu. Alinieleza kwamba katika nchi zinakotoka mashine hizi za bustani wameanza kuziwekea sheria ya moshi, na kwamba moshi wenyewe kuna ule usioonekana wala kunuka, nao ndio unaoua. Nilicheka. Nani awashe pampu chumbani, amwagilie kitanda?

Sikujua kuna chumba kinaitwa duara.

Masika ilipojaza maji mashimoni, mume wangu Masanja aliiomba. Nikampa. Mume akiomba chombo cha kazi utamnyima? Tena afisa madini alikuwa ameshapita na sheria yake: injini yoyote ibaki juu, mbali na mdomo wa duara, upepo uchukue moshi. Watu wakaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, na kibao kikachomekwa. Shida ni kwamba duara la kina Masanja limekwenda chini mno. Pampu ikikaa juu haivuti kitu, inakohoa tu. Maji hayasomi kibao.

Bustani yangu iko bondeni na duara liko nyuma ya kilima. Silioni, ila pampu naisikia. Ikiwa juu inapiga kelele za kuudhi kweli. Leo asubuhi nilikuwa nafunga nyanya kwenye vijiti, mara mlio ukabadilika, ukawa mzito, wa mbali, kama mtu anayekoroma chumba cha pili.

Wameishusha.

Nilikimbia na tope langu. Juu nilimkuta mtu mmoja tu, mshika kamba, nikamsihi awatoe wenzake. Akaniambia nisisogee, nitawafukuzia dhahabu. Kila mtu hapa anajua: mwanamke akikanyaga mdomo wa duara, mali inakimbia, na hakuna anayebaki chini mpaka mganga aje kusafisha. Mwiko huo nimeuheshimu tangu niolewe. Nikamweleza habari ya moshi, na yeye akacheka kama nilivyocheka mimi dukani.

Basi nikaketi. Nilikaa kitako kabisa, miguu inaning'inia shimoni, kitenge chote tope.

Lo! Kumbe mwiko una nguvu kuliko serikali. Mshika kamba alipiga yowe, akaitikisa kamba, na wanaume wakaanza kupanda mbio mbio. Mmoja akaizima pampu njiani. Masanja alipotoka hakunitazama usoni.

"Mama Kulwa," alisema, "umetuua."

Wa mwisho alikuwa Shija, mdogo wake Masanja, ambaye alikuwa anafanya kazi karibu na pampu. Huyo walimvuta, miguu haimshiki. Alitapika pale pale kwenye kifusi huku ameshika kichwa. Nilipoinama kumfuta mdomo, aliniambia kwa sauti ya chini, "Shemeji, wala sikusikia vibaya. Nilikuwa nasikia usingizi tu. Mtamu."

Usingizi mtamu. Mchana kutwa nimelirudia neno hilo.

Unadhani walinishukuru? Thubutu! Wanasema mkosi wangu ndio umempata Shija. Mwenye duara anataka mbuzi mweusi na mganga. Shija amelala kwa mama mkwe, sasa anaongea na amekunywa uji. Masanja ameirudisha pampu, akaitupa kwenye kabichi zangu, na tangu hapo amekaa nje kanipa mgongo. Ugali umepoa. Naogopa atanirudisha kwetu Didia. Naogopa wenzake watanijia hapa. Na zaidi ya yote naogopa kwa sababu najua sikukosea.

Nilitaka kuishia hapo.

Lakini kuna duara la pili kule nyuma ya kilima, nalo lina pampu yake. Tangu alasiri imekuwa ikipiga kelele juu, nami nilikuwa naandika huku nimetega sikio. Sasa hivi mlio umezama.

Kule sina mume wala shemeji. Ni watu wa kuja, hawanijui, na habari yangu imeshawafikia. Jirani yangu amewasikia wakisema nikithubutu kusogea kwao watanipiga mawe.

Masanja naye kausikia mlio. Ameinua kichwa.

"Wameishusha," amesema. Ni neno la kwanza kutoka kwake tangu asubuhi.

Yeye akienda peke yake watamcheka tu; atakayewatoa shimoni ni mwanamke, na hilo analijua. Ameinuka, akaziokota ndala zangu uani, akazisuuza tope, akaziweka mlangoni zikitazama nje. Kisha amechukua fimbo yake, na sasa amesimama njiani ananingoja.

Naogopa kuliko asubuhi. Navaa ndala.