Fulani Kafa Tena

Bwenini, Karatu
Jumapili, baada ya ibada

Kaka yangu mpendwa,

Ng'ombe hawajambo? Watoto hawajambo? Na Mama, magoti yake yanaendeleaje na baridi hii? Nimeanza na ng'ombe kama inavyotakiwa, ingawa Paskalina, rafiki yangu anayelala kitanda cha chini yangu, amechungulia na kucheka. Anasema kwao Daa, wanakolima, barua huanza na mvua.

Mimi ni mzima. Ukungu unakaa hapa mpaka mapumziko ya saa nne, na shuka uliyonipa naivaa juu ya sweta wakati wa kujisomea. Matroni amechoka kunikataza.

Amenipa ujumbe wako kwamba wewe na Mama mtakuja siku ya wazazi. Nilifurahi sana, na hapo hapo nikaingiwa na hofu, na ni kwa ajili ya hofu hiyo ninakuandikia. Soma kwanza peke yako. Halafu umwambie Mama kwa namna utakayoona inafaa, ila umwambie kabla hamjapanda gari hapo Endulen. Utaona kwa nini.

Kuna mtu nitamtaja humu bila kumtaja. Unamjua. Alizaliwa baada yako na kabla yangu. Nitamwita Aliyenitangulia. Kiswahili kimenisaidia hapo, maana alinitangulia kuja duniani, na tangu lori la vitunguu lilipopinduka njia ya Mang'ola ametutangulia sote. Jina lake sijalitamka tangu tulipomzika, wala wewe hujalitamka, wala Mama. Hapa shuleni wenzangu hutaja wafu wao kwa majina kwenye misa, na hawaoni ubaya wowote. Mimi nikiwasikia huwa natazama chini. Sisi jina tunaliacha lilale na mwenyewe.

Sasa nikueleze jambo lilivyoanza. Mwalimu wetu wa Kiswahili, Mwalimu Safari, alituletea tahakiki mbili za gemu moja. Ni gemu la vita, lile ambalo vijana wa hapa mjini wanacheza kwenye televisheni, watu wanapigana risasi katika mji uliobomoka. Uhakiki wa kwanza ulikuwa mkali. Mwandishi alisema gemu ni sumu, aliyelitengeneza ni muuaji, na anayelicheza ni muuaji anayejifunza kazi. Wa pili ulikuwa wa mtu mtulivu. Alisema amelicheza mpaka mwisho. Alisifu picha na sauti, akasema linafundisha wachezaji kusaidiana. Kisha akasema damu imezidi, wanaokufa hawaliliwi na mtu, na yeye asingemwachia mtoto wake alicheze.

Mwalimu alituuliza upi umeandikwa vizuri zaidi. Karibu darasa zima tulisema wa kwanza, kwa sababu unakataza kuua.

"Huyo mwandishi amekuambia gemu linaanzaje?" Mwalimu akauliza. Tukarudi kwenye karatasi kutafuta. "Linaishaje?" Tukatafuta tena. "Basi amekuambia nini?"

Paskalina akasimama. "Ametuambia amekasirika, Mwalimu."

Tulicheka, na Mwalimu pia akacheka. Halafu akatufundisha jinsi ya kuutambua uhakiki unaoegemea upande. Tutazame kama mwandishi anaeleza alichokiona au anaeleza tu alichohisi. Tutazame kama maneno yake yanapima au yanapiga. Tuulize kama amempa nafasi mtu asiyekubaliana naye. Akasema pia kwamba mwandishi tunayekubaliana naye ndiye wa kuchunguzwa zaidi, kwa sababu upendeleo ulio upande wako huwa husikii harufu yake. Neno hilo nililiandika pembeni ya daftari nikalipigia mstari.

Kazi ikawa kulinganisha tahakiki zile na kutoa maoni yetu. Nilimfuata Mwalimu nikamwuliza nitawezaje kuamua kati ya mashahidi wawili juu ya kitu ambacho mimi sijakiona. Alifikiri kidogo, akaniombea ruhusa ya Jumamosi mchana. Niende na Paskalina kwenye banda la gemu la Bura, nitazame tu, nirudi.

Banda hilo unalijua, Kaka, hata kama hujui kwamba unalijua. Liko pale mnaposhukia gari mkikata kuja shuleni, lenye pazia la bluu mlangoni. Njia nyingine inazunguka mbali kwa uwanja wa mnada, na kwa magoti yake Mama haiwezi.

Tulikuwa bado hatujafika nikasikia vijana wanapiga kelele ndani. "Fulani kafa! Fulani kafa tena!"

Naandika Fulani. Wao hawakusema Fulani.

Nilisimama. Nilijiambia jina lile wanalo wengi, kuanzia Loliondo mpaka huku. Paskalina akaniuliza nina nini, nikamwambia jua. Tukaingia. Palikuwa na giza la pazia, na vijana watano sita kwenye benchi, na kwenye kioo cha televisheni nikaliona limeandikwa. Lilikuwa limeachwa herufi ile moja. Wewe unakumbuka jinsi alivyokuwa akiiacha kila mara, na mwalimu wake wa darasa la tatu alivyomchapa kwa ajili yake, na yeye akaendelea kuiacha. Hakuna mtu mwingine duniani anayeliandika jina lile vile.

Aliuawa nikiwa nimesimama pale. Maandishi ya Kiingereza yakasema ameuawa, wakapiga kelele na jina, kisha akainuka akakimbia tena. Akauawa. Akainuka. Kila mara wakimwita.

Bura mwenye banda ni kijana wa Mbulu, mpole, umri wake kama wa Aliyenitangulia. Alikuwa ameinama nyuma ya televisheni anafunga waya. Nilimwamkia, nikamwambia kuna mchezaji mmoja humo namwomba amfute.

"Yupi, dada? Wako wengi humo. Taja jina."

Nikatazama chini. Akadhani sikusikia, akarudia. Paskalina akanisukuma kwa kiwiko, akanong'ona, si useme? Kwake lilikuwa jambo dogo, kusema neno moja na kuondoka. Kijana mwenye zamu akafungua orodha ya wachezaji ili anisaidie, nami nikanyoosha kidole.

Hapo nilikosea. Kwenye banda la gemu, ukimnyooshea mchezaji kidole umemchagua. "Sista ana macho," akasema yule kijana. "Kamchukua mwenye bunduki zote." Akaniwekea pedi ya kuchezea mikononi kabla sijaelewa.

Akatokea. Alikuwa amenipa mgongo, katikati ya barabara yenye moshi, na jina lake linaelea juu ya kichwa. Sikubonyeza kitu. Nikaona mabega yake yanapanda na kushuka, polepole. Kaka, alikuwa anapumua. Najua ni picha. Najua kuna mtu mahali fulani ametengeneza picha ipumue, na wachezaji wote wa humo wanapumua vilevile. Lakini wahakiki wote wawili, yule wa hasira na yule wa mizani, hawakuandika kwamba ukimwacha bila kumgusa anasimama tu, anapumua, anakusubiri.

"Sogeza, watamuua!" wakaniambia. Nikabonyeza huku na huku mpaka akatembea. Nikamtoa barabarani, nikampitisha nyuma ya kuta, nikamtoa nje ya mji ule kabisa, mpaka penye nyasi kavu ambapo hapakuwa na mtu. Nikamwacha hapo.

"Huyu anachunga," akasema mmoja, na benchi zima likacheka. Mwingine akaniuliza nina mbuzi wangapi, na kama nitawanywesha leo au kesho. Walisema katika banda lile hajawahi kuingia mtu anayecheza vibaya kama mimi, kwa sababu sikumpiga risasi hata mtu mmoja. Niliwaacha waseme. Nilimshika pale kwenye nyasi mpaka zamu ikaisha, na katika zamu ile hakufa.

Nilipoirudisha pedi niliikabidhi kwa mikono miwili, na Bura akaona. Akaniuliza nina nini. Nikamwambia, "Yule ni mtoto wa mama yangu."

Hakucheka. Aliwatoa vijana nje, wakatoka wakinung'unika, akakaa kwenye benchi. Alinieleza kwamba Aliyenitangulia alikuwa akija hapo baada ya kushusha vitunguu, maganda yamejaa kwenye nywele, kwamba yule mchezaji alimpa jina lake mwenyewe, na kwamba alikuwa na mkono mwepesi kuliko wote. Ajali ilipotokea wenzake wengine walitaka afutwe. Bura alikataa.

"Sisi mtu wetu akifa tunamtaja," alisema. "Nikaona wakimwita kila siku, hajaenda mbali."

"Kwetu ukimwita hapumziki," nikasema.

Tukakaa hivyo, mimi na yeye, na hakuna aliyemkosea mwenzake. Nilikuwa nimeingia pale nikiwa kama yule mhakiki wa kwanza, nimeshahukumu kwamba mtu huyu anafanya biashara na maiti yetu. Sasa nilikuwa na shahidi wa pili, naye alikuwa akifuta macho kwa kitambaa cha kupangusia vioo.

Akaniambia kuna njia mbili. Anaweza kumfuta, na akishamfuta hatarudi, wala hakutabaki kitu. Au anaweza kubadilisha jina. La kumfuta sikuthubutu, Kaka. Si langu peke yangu. Ni la Mama na lako. Nikasema tubadilishe.

Nililifuta mimi mwenyewe, herufi moja moja, kutoka nyuma. Nilitaka kuacha mahali pa jina pawe patupu, lakini mashine ilikataa, ilitaka jina. Bura akapendekeza Simba wa Mang'ola. Kijana mmoja mlangoni, ambaye alikuwa amerudi kusikiliza, akataja majina ya kaka zake na ya jirani yake. Nikaona kila jina lina mwenyewe, na mwenyewe hajaulizwa. Jina nililokuwa na ruhusa nalo lilikuwa moja tu. Nikaandika Nasieku.

Tulipokaribia geti Paskalina akasema nimejiitia kifo, na kwamba hata kwao wasingefanya hivyo. Huenda wewe utasema vilevile. Nimeliwaza sana. Nililofundishwa nyumbani ni kwamba jina la mfu haliitwi. La aliye hai linaitwa, na mwenyewe anaitika. Bora waniite mimi, naweza kuitika.

Sikudanganyi kwamba siogopi. Sasa wiki imepita, na leo tukienda ibadani tulipita pale, na nyuma ya pazia wakasema, "Nasieku kafa!" Nikaweka mkono kifuani chini ya shuka, kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mfukoni, mpaka nikahisi pumzi. Na kwa kuwa najua kwamba baada ya tangazo lile anainuka, nami huwa nahesabu moyoni kwamba tumeinuka wote wawili.

Kazi ya Mwalimu niliiandika. Nilisema uhakiki wa pili ni bora, kwa sababu unamwacha msomaji aamue. Nikasema pia kwamba hata mtu mwenye hasira anaweza kuwa ameumia mahali ambapo hakutueleza, na angetueleza tungemwamini zaidi. Mwisho niliandika kwamba mimi mwenyewe nina upande, kwa kuwa katika gemu lile kuna mtu wetu. Jina sikuandika. Mwalimu Safari alichora duara kwenye sentensi hiyo akaandika kwamba mizani yangu imeanzia hapo. Amenichagua niisome mbele ya wazazi. Anasema nikiendelea hivi naweza siku moja kuandika magazetini. Sijamwambia mtu ila wewe kwamba ninalitaka sana jambo hilo. Nitaisoma kwa Kiswahili, na Mama nitamrudia kwa Kimaa tukikaa.

Bura ameahidi mbele yangu: Mama akisema afutwe, atamfuta siku hiyo hiyo, Mama akiwepo. Akisema abaki, atabaki na jina langu. Na kama Mama atataka kumwona anavyosimama, Bura atawatoa vijana wote nje. Sijui kama ni vema kumwonyesha. Nimejaribu kuzipima pande zote mbili na kila mara mizani inasimama katikati. Wewe ndiye mkubwa wetu, nakuachia.

Nisalimie bibi yetu Koko, mwambie namwomba anitemee mate ya baraka hata kwa mbali. Nisalimie wifi yangu, na watoto wote. Na mchungaji wa kanisa letu dogo, aliyekuomba kibali cha mimi kusoma mpaka ukachoka kumkatalia, mwambie sijakosa kipindi hata kimoja.

Sasa lile la lazima. Siku hiyo ni Jumamosi, na banda litakuwa limejaa. Mama Kiswahili chake ni kidogo, lakini neno kafa analijua, na jina langu alinipa mwenyewe. Mtakapokata kona ya pazia la bluu mtasikia kwamba nimeuawa. Mshike Mama mkono, msisimame, endeleeni kuja. Nitakuwa nimesimama getini.

Ni mimi mdogo wako, niliye hai,

Nasieku