Mfungo wa Mama

Kaka Kahsay,

Huku hatujambo, ila punda amekufa na nzige wamerudi. Shuleni bado wanalala waliokimbia vita. Barua yako ya kutoka Addis, ile ya kusema dunia imefika mwisho na wenye akili hawazai tena, nilimsomea Mama. Akasema, "Mwambie aache kuropoka, aoe."

Wiki ya tatu ya mfungo wa kabla ya Pasaka, kasisi wetu Abba Woldu alitangaza kanisani kwamba mwaka huu njaa imetosha, hakuna anayelazimika kufunga. Mama akainuka na mkongojo wake mbele ya watu wote.

"We Abba, usininyang'anye mfungo wangu! Nikifunga, tumbo nalinyima mwenyewe, kwa ajili ya Mungu. Ukiniondolea, nabaki na njaa tu."

Watu wakacheka, hata Abba.

Basi tukafunga siku zote hamsini na tano. Jumapili iliyopita kengele za Pasaka zililia alfajiri. Ndani hamkuwa na unga wa injera, wala kuku, wala yai. Nilikaa kando ya kitanda cha Mama nikiogopa ataniuliza tunafungulia nini. Akasikiliza mpaka kengele zikakoma, akasema, "Wamekosea hesabu hao. Bado siku kumi."

Hawezi tena kuketi. Kila asubuhi ananiuliza zimebaki siku ngapi, nami namjibu kumi.

Hata kama huamini tena, njoo na unga kabla hajaacha kuuliza.

Dada yako,
Letebrhan