Nilimuandikia mudogo yangu maneno ambayo papa hakusema

Mushauri mupendwa, mimi ni mama kijana wa Muheto, kule milimani juu ya Goma, unisaidie mbele mwezi huu uishe. Papa yetu Sebarenzi hajui kusoma, mimi nilisoma miaka ine kwa masista, njo ninamusomea barua za mudogo yangu Athanase, anamaliza koleji, ataingia universite kule Léopoldville. Aliandika kwamba anapenda kusoma utawala, lakini papa aseme kwanza. Papa alicheka, akaniambia: "Muandikie asome ile roho yake inapenda. Namubariki."

Sikuandika vile. Nilikumbuka tukiwa watoto, tunachunga pamoja ndani ya ukungu, yeye anaweka sikio kwa tumbo ya ngombe yetu Gaju anasema ndama iko analala, mimi namucheka, tunakunywa maziwa ikingali na povu, na nikaona akisoma utawala atabakia kwa maofisi ya mbali, lakini akisoma dawa ya ngombe atarudi kwetu, njo nikaandika: "Papa anataka usome dawa ya ngombe, bila ile hakubariki." Amejibu mustari mumoja tu: "Neno ya papa nimeisikia." Kwetu mutoto hapingi papa. Hata mizaha yake, kuniita Madame wa Maziwa, hakuandika. Mwisho wa mwezi ataandikisha masomo. Nikisema kweli, papa hatanipa tena barua kusoma. Nifanye nini?

Mama Théophile

Jibu ya mushauri: Mama Théophile, huzuni yako naisikia, lakini usijifiche nyuma ya Gaju. Ule mutoto unamukumbuka ni mwanaume sasa, na wewe ulichukua baraka ya papa ukamufungia nayo kama kamba. Na ulifikiri veterineri, ule munganga wa ngombe, hawezi kutumwa mbali, kule Kasai?

Leo, mbele ngombe zirudi, upige magoti kwa papa umuambie yote. Atakasirika, umuache akasirike. Kisha muende kwa katekista, papa aseme, katekista aandike, wewe usiguse kalamu. Kamioni ya maziwa ikishuka Goma kesho, barua iwe ndani.

Halafu uandike ingine, kwa jina yako mwenyewe: "Mudogo yangu, nilidanganya. Ninakuwaza sana. Likizo ikifika, kuya nyumbani." Kumuomba vile ni haki yako. Akikuya, utajua ni yeye mwenyewe amependa kukuya.