Site ilitupa herufi ya jina la mutoto wangu

Mpendwa Mama Emérita, nisikilize kwa hii radio yako, maana niko na hasira. Mie ni Blandine Mukandori wa Kirolirwe. Tulipokimbia vita mutoto wangu Kétsia alipotelea njiani, mie nikafikia Shasha, yeye watu wakamubeba mpaka Walikale, na shemeji yangu Archange, informaticien, fundi wa kompyuta, alikuwa ameunda site ya internet ya kutafuta waliopotea, basi kila nikipata connexion niliandika Kétsia, halafu Ketsia bila accent, ule mustari wa juu ya é, site inajibu tu: hakuna muntu. Nikaanza kumulilia kama marehemu. Kumbe mutoto alishajiandikisha mwenyewe! Site haikuelewa ile é, ikaitupa, ikamuweka "Ktsia". Mama Kavugho, muchuuzi wa Butembo anayetujua, njo alimutambua sura kule sokoni Walikale, akanipigia. Sasa tuko pamoja lakini mutoto haniangalii. Anasema, "Mama, jina langu lilikuwa pale. Haukunitafuta." Nikamufokea Archange, akacheka: "Shemeji, kosa si langu, wewe njo ulimupa jina la accent." Na familia inataka nikule naye meza moja! Nifanye nini?

Mama Blandine,

Kasirika, uko na haki. Na huyo Archange ameze kicheko chake. Nilimuuliza dada Cindy, anaunda site hapa Goma, akapiga meza: "É inageuzwa e, haitupwi! Na jina ambalo muntu anatafuta linageuzwa vilevile, ili yote mbili yakutane. Jina lenyewe, vile mama alilitoa, linabaki salama."

Umesikia? Lakini hasira isikufanye umulazimishe afunge site. Mule ndani kuna wengine wenye accent, akina Désiré, akina Noëlla, na mama zao wanaambiwa hakuna muntu. Arekebishe leo. Na herufi iliyotupwa, mashine haijui kuirudisha: ashike simu, aite kila mwenye jina lililovunjika, amuulize anaitwa nani. Kaa kando yake mpaka amalize. Mambo ya meza moja, familia ingoje.

Sasa wewe. Umefokea shemeji, umeandikia radio. Mutoto umemuelezea lini? Unamuacha na uchungu wake ndani ya nyumba yako! Mukalishe Kétsia, umuite Archange, aseme kwa kinywa chake: "Mama yako alikuita tena na tena. Mimi njo nilimufungia mulango." Akikataa kusema hivyo mbele ya mutoto, asikanyage kwako.