Mama, Chanjo Imefika Sasa

Mama yangu,

Leo asubuhi nimepita mbele ya nyumba uliyokuwa ukikaa, pale mtaani Mususa, jirani na maseremala. Watu wengine wamehamia. Wameanika nguo za mtoto mchanga uani, na mlango waliuacha wazi kama ulivyokuwa ukiuacha wewe. Nilisimama kidogo, nikasikia mtu akicheka ndani, nikaendelea na njia. Nilikuwa natoka kumpeleka Masika maternelle, shule ya watoto wadogo. Ndiyo, mama, mjukuu wako anasoma sasa. Nataka nikueleze ilivyokuwa mpaka akaingia, kwa sababu sina mwingine wa kumweleza bila yeye kunipa mashauri. Nimechoka na mashauri.

Unakumbuka tulivyofika kwako kutoka Beni. Wauaji walipofika mtaa wetu wa Ruwenzori tuliikimbia nyumba na Masika mgongoni, bado hajajua kutembea. Wewe hukuuliza tumeacha nini nyuma wala nani amekufa. Ulinyoosha mikono tu. "Leta huyu mutoto," ulisema. "Wewe enda utafute maisha." Tangu siku ile hukumrudisha tena mgongoni kwangu, isipokuwa jioni. Nilikuwa naenda sokoni na beseni langu la samaki, nawe unabaki naye chini ya dirisha, unachambua maharagi, yeye anayachanganya tena. Siku ile alipojiingizia haragi puani, mimi nilifika nikaanza kulia kabla hata ya mtoto. Wewe ulimziba tundu la pili kwa kidole, ukamwambia apulize kama anapuliza moto. Haragi likaruka mpaka kwenye sufuria. Ulicheka hadi ukakaa chini.

Hiyo kazi ya samaki wewe ndiye uliyenifundisha. Nilikuwa msichana mdogo uliponipeleka mara ya kwanza Kyavinyonge, kando ya ziwa, kununua tilapia. Mtumbwi ulikuwa bado haujafika, tukakaa kwenye mchanga tunangoja, na kiboko akatoka ziwani akapita katikati ya nyumba za watu, taratibu, kama mtu anayekwenda kudai kodi. Nilitaka kupiga kelele. Ulinifunika mdomo kwa kiganja chako kilichonuka chumvi. "Usikimbie," ulininong'oneza. "Uyu njo mwenyeji. Sisi tuko bageni." Nimekuwa nikikufikiria hivyo miaka yote: mtu anayejua lini kukimbia na lini kukaa kimya.

Na ulijua pia lini kusimama. Wakati wa Ebola, tulipokuwa sote Beni, kabla hujahamia huku, vijana walirushia mawe gari la chanjo, na majirani walisema wanaochomwa sindano wanakufa kabla ya mvua nyingine. Wewe mwenyewe ulikuwa na woga. Nilikuona. Ulikuwa unafunga dirisha ukisikia gari. Kisha tukamzika mama mdogo, na kwaya yote ya kanisa ikabaki nusu. Asubuhi moja ukavaa kitenge cha Jumapili, ukanishika mkono, tukatembea mpaka kwenye hema lao mbele ya macho ya watu wote. Ulikunja mkono wa blauzi ukasema, "Nimezika batu ya kutosha. Muganga, anzia kwangu." Njiani kurudi mimi ndiye niliyekushika mkono. Hukuniambia niache kukushika.

Halafu ukaanguka jikoni, mama. Walisema ni tension, damu kupanda. Wamama wa kanisa walikuja na kuni na unga, wakakaa nasi matanga, wakarudi kwao, na mimi nikabaki ninaangalia Masika anavyozunguka nyumba akifungua kila mlango akikutafuta. Baba yake alikuwa amerudi upande wa Beni kwenye shamba la kakao, kwa sababu kakao ndiyo inayotulisha, hata kama kule mtu analala na viatu miguuni. Kwa hiyo nilikuwa mimi, na mtoto, na beseni la samaki.

Ndipo nilipomwandikisha kwenye maternelle ya kanisa letu. Unaijua, ile yenye ukuta wa bluu. Masika aliipenda tangu siku ya kwanza. Alipata rafiki, Kahambu, wakawa wanakula kwenye sahani moja na kugombania kijiko kimoja. Nilianza kupumua. Nilikuwa naweza tena kufika sokoni wakati samaki bado ni wazuri.

Surua ilianza huko juu kwenye kona ya kuingilia mjini, kwa familia zilizokimbia vita. Ilishuka mtaa kwa mtaa. Kisha mtoto mmoja wa maternelle akafa, mtoto wa kiume mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake. Baada ya maziko Mama Directrice, mkuu wa maternelle, alituita wazazi wote. Hakukaa kwenye kiti. Alisimama, macho mekundu, akasema:

"Bazazi, munisikilize. Mutoto mwenye hana chanjo ya surua hataingia tena hapa. Nilitoka kuzika mutoto wa hii classe. Sitaki kurudia kule."

Fujo ikaanza. Baba mmoja fundi wa pikipiki aliinuka, mikono bado ina mafuta. "Mais, Mama Directrice, hii masindano ya bure nani anailipa? Wakati banatuchinja, hakuna mwenye kutuletea kitu. Leo banapenda batoto betu?" Watu walimpigia makofi, mama, na siwezi kusema walikuwa wajinga. Maneno yake nami niliwahi kuyafikiria. Lakini nilikuona wewe na kitenge chako cha Jumapili, nikajikuta nimesimama.

"Mi nitapeleka wangu kesho asubui," nilisema. "Mama yangu angekuwa hapa, angeshamupeleka tayari."

Masika alikuwa amepata chanjo za mwanzo, kule Beni. Ile ya surua ilipaswa kutolewa mwezi uleule tuliokimbia, na baadaye kila tulipoiulizia huku tuliambiwa turudi siku nyingine. Sikuwa na wasiwasi. Nilidhani safari hii, mji wote ukiwa unalia, haiwezi kukosekana. Baada ya mkutano wamama kadhaa walinifuata kuniuliza kituo cha afya kinafungua saa ngapi. Hata yule fundi wa pikipiki, akiwa anatoka, aliniambia bila kunitazama, "Ukifika kwanza, utatuambia kama inauma batoto sana." Nililala na furaha usiku ule. Nilihisi nimekuwa mtoto wako.

Asubuhi muganga wa kituo, dada mmoja mwembamba anayechanja watoto, alitupokea nje, kabla hatujakaa kwenye benchi. "Mama Masika, iko rupture, chanjo iliisha," alisema. "Ya surua hapana. Tunangoja yenye kutoka Beni, na barabara imefungwa." Nilimwambia nimemwahidi Mama Directrice, nimesema mbele ya watu. Kama vile ahadi yangu ingeweza kujaza frigo la chanjo. Akanishika mkono, akanipeleka ndani, akalifungua mwenyewe. "Angalia," alisema. Lilikuwa safi, taa yake inawaka, halina kitu.

Nilirudi maternelle nikamweleza Mama Directrice. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavua miwani.

"Mama Masika, unazani ninafurahi? Nikifungulia wako, ule baba mwenye alikataa, kesho nitamuambia nini? Na kama surua inaingia tena, nitaenda kuambia nani pole?"

Alikuwa na haki, mama. Maneno yake yalikuwa maneno yangu ya jana, amenirudishia tu. Ningekuwa na hasira ingekuwa afadhali, maana hasira inampa mtu kazi ya kufanya. Nilimshukuru, nikamshika Masika mkono, tukatoka. Kahambu, ambaye alikuwa na chanjo yake, alikuwa anampungia kijiko kutoka dirishani.

"Mama, bananikataza juu ya nini?" Masika aliniuliza njiani. "Nimefanya mubaya gani?"

Nilimwambia hajafanya kitu. Nikamwambia tunangoja dawa. Akaniuliza dawa iko wapi, nikamwambia iko njiani. Tangu siku ile, kila lori lililopita na vumbi lake aliniuliza kama ndilo hilo.

Tulirudi kituoni tena na tena. Wakati mwingine muganga alikuwa anatikisa kichwa akiniona tu ninavuka barabara, ili nisipoteze nguvu za kuingia. Huko Beni walisema dawa imefika uwanja wa ndege. Kisha wakasema haijafika. Kisha gari lilikuwa tayari, na siku hiyo watu wakauawa njiani na magari yote yakarudishwa. Wapo walionishauri nimpeleke Masika kwa shangazi yake kule Lubero, wengine nimnyweshe majani, wengine nifunge na kusali. Nilisali. Na kwa sababu lazima tule, nilikwenda naye sokoni. Wewe hukuwapo kukaa naye. Mimi sikuwa na mikono mingine. Nilimtandikia gunia nyuma ya meza, kati ya samaki na wale wanaouza mkaa, na watu wote wa mji huu walipita hapo wakikohoa.

Ilianza kama mafua. Pua, kikohozi, macho yasiyotaka mwanga. Niliangalia nyuma ya masikio yake nikaona vipele, nikajua. Nilimbeba nikakimbia na kuacha samaki mezani. Mpaka leo sijui nani aliwachukua.

Mama, alivyokuwa mwepesi. Walimlaza kituoni, wakampa vitamini, wakampa dawa ya homa na ya kifua. Mdomo wake ulijaa vidonda, akawa hawezi kumeza hata maji bila kulia, na baadaye hakulia tena, na hiyo ndiyo iliyonitisha. Masikio yakaanza kutoa usaha. Nilikuwa nayasafisha kwa kitambaa, yanajaa, ninasafisha. Baba yake alifika kutoka Beni juu ya pikipiki, mwekundu kwa vumbi kutoka kichwani hadi miguuni. Alipiga magoti kando ya kitanda.

"Juu ya nini hukuniita mapema?" aliniuliza.

"Ungefanya nini?"

Alimshika mtoto mguu, akaushika hivyo siku nzima.

Na siku hiyo, mama, wakati tumekaa pale, tukasikia megafoni mtaani. Kijana alikuwa anapita akitangaza: "Bamama, bababa, chanjo ya surua iko imefika! Leteni batoto!" Muda si mrefu uani kukajaa. Niliona kupitia dirisha wamama wale wale wa mkutano, watoto wao migongoni, Kahambu akiwa mmojawapo, amekuja kwa sindano ya pili na nguo yake nzuri. Fundi wa pikipiki naye alikuja, amembeba binti yake, akiwa hataki mtu amuone. Yule dada muganga aliingia chumbani kwetu. Alikuwa ameshika kisanduku cha barafu kifuani. Alisimama mlangoni.

"Mama Masika," alisema, "chanjo imefika sasa."

Nilimwambia "wasingya", asante kwa Kinande, maana Kiswahili kilinitoka. Akaenda kuwachoma watoto wa wenzangu, nikawasikia wakilia mmoja baada ya mwingine, kilio cha afya, na nilifurahi kwa ajili yao. Naapa nilifurahi. Na nilitaka kuuvunja ukuta.

Masika hakufa. Wengi walikufa, yeye Mungu alimwacha. Tulimrudisha nyumbani amekonda, anakula ugali kidogo kidogo, na kanisa likamshukuru Mungu kwa wimbo mrefu. Tulidhani yameisha. Kisha nikaona kwamba nikimwagiza kijiko ananiletea macho tu. Baba yake alisema ugonjwa umemfanya mkaidi, tumemdekeza mno. Siku moja sufuria ikaanguka nyuma yake kwa kishindo, mimi nikashtuka, jirani akashtuka, yeye akaendelea kumvisha mtoto wake wa kitambaa.

Daktari wa hospitali kubwa alimwangalia masikio yote mawili. Ni mtu mzuri, alizungumza polepole. "Surua iliharibu ndani kabisa," alisema. "Hapa hatuna chombo cha kupima muzuri. Bengine banaenda Kampala, lakini sitaki kukudanganya kama kule batayarudisha." Nilimuuliza mtoto wa miaka hii anajifunza vipi kusema kama hasikii. Akatazama mikono yake. Akasema niwe ninamwonyesha uso wangu ninapozungumza naye.

Baba yake amerudi kwenye kakao. Mimi namwonyesha Masika uso wangu. Maneno aliyokuwa nayo anayapoteza, mama, moja moja. Juzi alitaka maji akanyoosha kidole tu. Ninalitamka neno mbele yake, maji, maji, naye ananiangalia mdomo, anacheka, anadhani ni mchezo. Ningekuwa na wewe, sijui ungefanya nini. Huenda na wewe hungekuwa na la kufanya, na tungekaa wawili tusio na la kufanya. Hata hilo ningelitaka.

Mama Directrice alikuja nyumbani mwenyewe. Alileta sukari na sabuni. Alisema Masika anaweza kurudi, hakuna tena cha kuzuia, na aliposema hivyo alijifunika uso. Nilimpa kiti. Tulikunywa chai. Siku iliyofuata nilimpeleka.

Leo mchana nilifika kumchukua mapema kidogo. Watoto walikuwa uani, wamepangwa kwa mistari, wanaimba wimbo wa kuagana huku wanapiga makofi. Masika alikuwa katikati. Alikuwa anaangalia mikono ya Kahambu na kupiga makofi yake baada ya wenzake, kila mara nyuma kidogo, na uso wake una furaha. Nilisahau, mama. Nilisahau kabisa. Nilishika mlango wa chuma nikamuita kwa sauti: "Masika!"

Watoto wote waligeuka, isipokuwa yeye.

Niliingia uani nikamgusa bega. Pumzika huko uliko, mama.

Ni mimi binti yako wa pili,
Kavira, mama wa Masika