Moto Ule Niliuwasha Mimi

Ijumaa. Jua kali, upepo hautulii, jivu linaruka mpaka kwenye chai yangu.

Naandika kwa kidole kimoja kwenye simu. Niliishia darasa la nne, na linanitosha.

Huku Mkata hakuna anayenizidi kusafisha shamba kwa moto. Miaka arobaini nachoma, moto wangu haujavuka kwa jirani. Nimelisema hilo kila harusi, kila msiba.

Sheria inataka kibali cha mtendaji wa kijiji, kisha ulime njia ya kuzuia moto na uite majirani wasimame na matawi mabichi. Kibali sijawahi kuomba. Nani anaomba? Shamba la mtendaji mwenyewe ni jeusi tangu wiki iliyopita.

Ila njia huwa nalima, na majirani huwa naita. Juzi sikufanya hata kimoja. Niite watu kwa eka mbili, mimi?

Upepo ukageuka saa nane mchana.

Moto ukaingia kwa Mama Salehe, mjane tunayepakana naye. Ukala mihogo yake na mizinga yake minne ya nyuki. Nilipambana nao peke yangu, nikashindwa, nikarudi nyumbani kwa njia ya bondeni.

Watu wakasema moto umetoka malishoni, umepita kwangu, ukaishia kwake. Mama Salehe akaja kunipa pole, kwamba na mimi nimeunguliwa.

Nikaitikia, nimeshapoa.

Leo baada ya swala kukawa na mkutano, na sheria ambayo hatujawahi kuifuata ikasomwa mbele ya watu. Aliyesomewa ni Lekule, mfugaji, kwa sababu siku ile alipitisha ng'ombe jirani na pale. Kesho asubuhi polisi wanakuja kumchukua. Alikana, wakamzomea. Ndipo akanigeukia.

"Shikamoo, mzee. Wewe ulikuwa shambani. Waambie ulichoona."

Nikamwambia macho yangu siku hizi hayaoni mbali. Mimi, ninayehesabu nyani wakiwa kilima cha pili!

Aliniangalia tu, akakaa chini.

Ningekuwa nimechoma na kibali, ningeogopa nini? Na sisi sote tusio na kibali, mbona anayekamatwa ni mmoja, tena asiye na shamba?

Alfajiri naenda kwa Mama Salehe kwanza, halafu kwa mtendaji, kabla gari la polisi halijafika. Watanicheka kijiji kizima.

Kuchekwa sijazoea. Nitaanza kesho.